Maktaba mtandao zimkumbuke mwenye bando dogo

Ndugu Mhariri,

Taasisi ya Elimu Tanzania imekwisha kuweka vitabu vya kiada mtandaoni, na shule nyingi sasa zinatamani maktaba mtandao zao wenyewe. Ni jambo jema, ila shida kubwa imo ndani ya mafaili yenyewe.

Kitabu cha kurasa 200 kikiskaniwa kwa rangi bila kubanwa kinaweza kuvuka MB 100. Mwanafunzi anayetaka mada ya ngeli tu analazimika kukipakua chote, na bando linakata kabla hata jalada halijafunguka. Kurasa za maandishi ziskaniwe kwa nyeusi na nyeupe, dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Rangi ziachiwe ramani na michoro. Kisha kitabu kikatwe sura kwa sura na kipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Tesseract ni ya bure, na Kiswahili inakisoma. Ukiruka hatua hiyo, ukurasa unabaki picha: mtoto anatafuta "ngeli", anaambiwa haipo, na neno analiona kwa macho yake.

Jina la faili lisiwe "scan0047". Liwe na somo, kidato, sura na mwaka wa toleo. Mtaala ukibadilika, vitabu vya zamani hubaki vikizagaa mtandaoni, na anayejisomea peke yake hana mwalimu pembeni wa kumshtua. Ruhusa ya mwenye hakimiliki, bila shaka, iombwe mapema.

Kwa shule isiyo na intaneti, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye Kolibri, programu nyingine ya bure ya kuhifadhi na kusomea masomo, inatosha kuanzia. Masomo huingizwa kwa flashi na kusomwa kwa Wi-Fi bila bando. Kinachoiua ni vitu vidogo. Inataka volti 5 na ampea 3. Ukiichomeka kwenye chaja yoyote tu ya simu inaweza kuzimazima. Ikizimika ghafla mara kwa mara, memori kadi huharibika, kwa hiyo iwekewe betri ya akiba. Wi-Fi yake ya ndani haiwezi kubeba darasa zima, hivyo rauta ni lazima. Haina hata betri ya saa: baada ya umeme kukatika, kumbukumbu za nani kasoma lini huandikwa tarehe za uongo.

Halafu kuna kishikwambi chenye laini. Kikiona Wi-Fi haina intaneti, hurukia data, ukurasa haufunguki, na watu wanasema mtambo umekufa. "Zima data kwanza": karatasi yenye maneno hayo ibandikwe mlangoni, juu ya anwani ya maktaba.

Mkutubi,
Morogoro