Mwaliko wa Machi, mgeni wa Februari

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika wiki iliyopita eti Zelensky si rais wa Ukraine tena, na eti Urusi iliingia Ukraine kwa kualikwa na rais halali. Hiyo hadithi naisikia kila jioni hapa kijiweni kwetu kwenye kahawa, tena wanaoileta huwa wanapaza sauti kweli, ila sijaona hata mmoja aliyekaa akapanga tarehe.

Haya tuzipange. Yanukovych, huyo wanayesema ndiye aliyealika, alichaguliwa rais wa Ukraine 2010, rais halali kabisa, hapo sibishi. Tarehe 21 Februari 2014 akasaini makubaliano na wapinzani wake, Ujerumani na Poland wakiwa mashahidi, mjumbe wa Urusi yeye akagoma kutia saini, na usiku uleule jamaa akatoka Kyiv. Kesho yake bunge likamng'oa kwa kura 328, na ni kweli hazifiki 338, yaani ile robo tatu ambayo katiba yao inataka ukimshtaki rais, kwa hiyo anayesema utaratibu ulikuwa na kasoro ana hoja. Wabunge walisema kaacha kazi mwenyewe. Ila kumbuka wabunge ni walewale, na wengine wa chama chake yeye.

Sasa njoo Crimea, ile rasi ya kusini mwa Ukraine. Alfajiri ya tarehe 27 Februari watu wenye bunduki, hawana beji wala bendera, wakateka jengo la bunge la Crimea, na siku hiyohiyo wabunge wakiwa chini ya mitutu wakamweka Sergei Aksyonov kuwa waziri mkuu, mtu ambaye chama chake kilikuwa na viti 3 kati ya 100. Vitatu jamani! Ile barua ya Yanukovych ya kumwomba Putin alete jeshi, ambayo Churkin, balozi wa Urusi Umoja wa Mataifa, aliinyanyua pale Baraza la Usalama tarehe 3 Machi, yenyewe ina tarehe 1 Machi. Yaani mgeni kashaingia sebuleni, kashahamisha na makochi, ndo kadi ya mwaliko inaandikwa, tena na mtu aliyekimbilia kwa huyohuyo mgeni. Na Putin mwanzoni alisema wale si askari wake, Aprili akakubali.

Najua mtanitajia Marekani na mimi sikatai, ile simu iliyovuja mwanzoni mwa Februari 2014, Victoria Nuland wa wizara yao ya mambo ya nje na balozi wao wanapanga nani aingie serikalini Ukraine nani akae pembeni, walimtaka mpinzani mmoja, Yatsenyuk, na kweli Yatsenyuk akawa waziri mkuu, ni aibu tupu. Lakini huyo Yatsenyuk 2016 alishaondoka, Rais Poroshenko akaja kwa kura na akatolewa kwa kura, 2019 watu wakampa Zelensky asilimia 73.

Kule Donetsk je, mashariki mwa Ukraine, eneo la Donbas, ambako waasi walijitangazia "jamhuri ya watu" yao? Waziri mkuu wake wa kwanza alikuwa Borodai, mtu wa Moscow. Kamanda wao Girkin, naye wa Moscow, alishakuwa ofisa wa FSB, idara ya usalama ya Urusi, na mwenyewe aliliambia gazeti la kwao kwamba bila kikosi chake kuvuka mpaka vita ingezimika. Mashujaa wa Donbas hao! Kichekesho ni kwamba Januari 2024 Urusi ikamfunga huyo Girkin miaka 4, na si kwa hiyo vita, ni kwa kuropoka mtandaoni.

Turudi kwa Zelensky. Muhula wake ulifika mwisho Mei 2024, sawa, lakini sheria yao inakataza uchaguzi wakati wa hali ya vita na katiba inasema rais anakaa mpaka anayemfuata aape. We hebu waambie watu wa Kharkiv wapange foleni ya kura shuleni na makombora yanadondoka, halafu anayerusha hayo makombora ndo anauliza mbona hampigi kura, yeye Putin aliyechaguliwa rais mara ya kwanza 2000 na 2024 kajipa asilimia 87.

Jana nikauliza kijiweni, kati ya 27 Februari na 1 Machi ipi ilitangulia? Mzee wetu mmoja akanitazama weee, akasema mambo ya tarehe ni ya makarani, akaagiza kahawa nyingine na kashata.

Msomaji wako,
Tanga