“Umenipiga kwenye waya”

Maneno hayo tunayapata karibu kila tunapotoa makadirio ya kupeleka umeme kisimani au nyumba ya uani. Safari hii yamekuja WhatsApp pamoja na picha ya roli la waya wa 2.5 (unene wa milimita za mraba 2.5) kutoka maduka ya Gerezani, bei yake imezungushiwa wino mwekundu. Sawa, tuongee.

Bei tuliyoandika ni ya waya wa 10, shaba halisi, mita 80 kutoka mita ya LUKU hadi pampu. Waya wa 2.5 ungewasha? Ungewasha. Siku ya kwanza taa itawaka, pampu itazunguka, na fundi atakuwa ameshalipwa.

Lakini waya nao unakula umeme. Shaba ya 2.5 kwa umbali huo, kwenda na kurudi, ina ukinzani (yaani inavyouzuia umeme kupita) wa omu 1.2 hivi. Pampu ya hosipawa moja na nusu ikishatulia inavuta kama ampea 8, volti 10 zinaishia njiani na hakuna atakayelalamika. Shida ni wakati wa kustati, mota inapovuta hata mara tano ya hapo. Pampu inapata volti 182 badala ya 230, inaunguruma bila kuzunguka, koili zinachemka.

Mteja wetu mmoja wa Kigamboni alifungiwa waya huo wa 2.5 na fundi aliyekuwa nafuu. Baadaye akaunga vyumba vya wapangaji kwenye waya uleule, wapangaji wakaja na majiko ya umeme. Mota ikasukwa upya, ikaungua tena. Ndipo akanunua stabilaiza akaifunga kule kisimani! Stabilaiza haizalishi umeme. Ili ipandishe volti, inavuta ampea zaidi kupitia waya uleule mwembamba. Tulipokwenda kupima, ampea 20 zilikuwa zinapita na volti 24 zinapotea njiani, yaani wati 480 zinapasha udongo moto. LUKU inazihesabu: kwa saa nne, karibu uniti mbili. Kwa waya wa 10 zingepotea volti 6.

Hesabu hii si yetu peke yetu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, na umeme wake unasafirishwa hadi Chalinze kwa kilovolti 400. Kwa msongo huo, yaani volti hizo, mtambo mmoja unahitaji ampea kama 340 kwa kila fezi. Ungesafirishwa kwa volti 400 za mtaani zingekuwa kama 340,000, na hakuna nguzo ya kubeba waya wa unene huo. Ampea zikizidi mara mbili, hasara kwenye waya inazidi mara nne. Kwa hiyo volti zinapandishwa mtamboni, zinashushwa vituoni hadi kilovolti 33 au 11, na transfoma ya mtaani ndiyo inakupa 230. Ukishavuka mita yako, ujanja wa kupandisha volti umekwisha. Umebaki na unene wa waya.

Wengine breka ikikata kila mara wanaiona mbovu. Saluni moja Mbagala walitoa breka ya ampea 20 wakaweka ya 40. Haikukata tena, ila waya uliyeyukia ndani ya bomba la ukutani, ukagoma kuvutwa, tukachimba plasta upya. Gharama ya kupaka rangi pekee ilizidi ile ya waya waliokuwa wanaukwepa.

Bajeti ikibana, tuambie mapema tukupigie hesabu ya alumini ya 16. Ukinzani wake unakaribiana na wa shaba ya 10 na bei ni nafuu, mradi viungio viwe vile maalumu vya kukutanisha alumini na shaba. Tutumie picha ya kibao cha pampu chenye maelezo yake ya umeme pamoja na umbali uliopimwa kwa futi ya kamba. Tafadhali, si kwa hatua: mita 60 za hatua tumeshazikuta ni 85.