Kiingereza na lugha za mikoa ya Indonesia

Mhariri,

Naomba nafasi nipinge dhana kwamba lugha yenye wasemaji wengi haiwezi kudhoofika. Kijava, chenye wasemaji zaidi ya milioni 60 nchini Indonesia, kina ngazi za usemi: ngoko hutumika baina ya marafiki, ilhali krama hutumika kwa wazee, wakwe na wageni, na msamiati wenyewe hubadilika, hata maneno ya kula na kulala. Kiingereza hakina mfumo kama huo. Heshima yake hupitia vyeo, namna ya kuomba na sauti ya msemaji. Sisemi kwamba hicho ni kilema, lakini kijana wa Yogyakarta asiyejua krama hukosa namna ya kuzungumza na bibi yake, na pengo hilo Kiingereza hakiwezi kuliziba.

Ni haki pia kusema kwamba si Kiingereza pekee kinachozibana lugha za mikoa, ambazo zinazidi 700. Kiindonesia, kilichotokana na Kimalei na kutangazwa lugha ya umoja katika Kiapo cha Vijana, tamko la kongamano la vijana la mwaka 1928, ndicho cha shule na ofisi. Kiingereza huja juu yake kupitia vyuo vikuu, ajira na intaneti, hivyo Kijava, Kisunda na Kibali husukumwa zaidi nyumbani.

Kifungu cha 32 cha katiba ya nchi hiyo kinaitaka dola iziheshimu na kuzitunza lugha hizo. Natamani agizo hilo litekelezwe kwa vipindi vya kutosha vya krama na walimu waliobobea, kabla ya kuongeza saa za Kiingereza.

Msomaji wako,
Tanga