Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Assalamu alaikum. Kwenye daftari tuko 62. Leo nimehesabu vichwa 19, na saa tuliyopatana imepita zamani. Sitasema mengi.

Shughuli zetu za kawaida za kuwasaidia walionaswa na unga, yaani heroini, mnazijua: kuzungumza shuleni, kusindikiza vijana kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa badala ya unga, mazishi, chai na mahamri maskani kila Jumamosi. Yote yalifanyika.

Nije kwenye 31 Agosti, maana maneno yamekuwa mengi hapa Kisauni, Mombasa. Siku hiyo ya kuwakumbuka waliokufa kwa kuzidisha dawa ilianzia Melbourne, Australia, mwaka 2001, na alama yake ni rangi ya zambarau. Sisi miaka yote tulisoma khitma, tukala pilau, tukaenda zetu. Mwaka huu niliamua majina 14 yasomwe kwa kipaza sauti, na kila mmoja isemwe wazi kuwa aliuawa na unga. Naambiwa nimewavua marehemu sitara. Naambiwa sikushauriana na mtu. Kikao cha Julai walikuja watano, na wote watano walikubali. Wengine mlikuwa wapi? Familia mbili zilizokataa, majina ya watu wao sikuyagusa. Na jina la kwanza lilikuwa la mwanangu.

Miaka sita nilikuwa nikisema alikufa kwa presha. Kijana wa miaka 23, presha! Alikuwa ametoka jela siku ya nne. Mtu akikaa bila unga mwili hauuhimili tena, lakini yeye anarudi kwa kipimo kile kile cha zamani, na pumzi inakata. Tukiendelea kusema presha, mama mwingine atajuaje kwamba wiki ya kutoka jela, au kituo cha kuachia unga, ndiyo ya kumkalia macho?

Wapo pia wanaouliza mafunzo ya nalokisoni, sindano ya kumzindua aliyezidisha unga, yametusaidia nini. Novemba kijana mmoja alikutwa chooni anakoroma, midomo samawati. Nilimdunga mwenyewe, pajani. Akazinduka akinitukana, ati nimemuharibia stimu aliyoilipia. Tulimkalisha zaidi ya saa mbili, kwa sababu dawa hiyo huweza kwisha nguvu unga ungali mwilini, mtu akazima tena. Yuko hai. Katika kumbukumbu za kikao jambo hili halikuandikwa, sijui kwa nini.

Fedha: kwa ada ya shilingi 100 kwa mwezi tulitarajia 74,400; zilizoingia ni 21,300. Hema, kipaza sauti na tepe 18,500, chai 6,800. Pengo la 4,000 nilijaza kwa mfuko wangu; risiti ninazo, isipokuwa moja iliyolowa mvua.

Mwaka ujao, inshallah, tunatumai kupata chumba cha ofisi, na mfadhili akijaaliwa.

Agosti majina yatasomwa tena. Asiyetaka la mtu wake lisomwe aje aniambie mimi, asinitumie ujumbe kupitia mke wangu sokoni.

Mwenyekiti