Mwanangu, wasifungue hedi kwanza

Mwanangu Neema,

Hujambo mama. Juzi ulivonipigia unalia pale kwenye mlima wa Ipogolo, gari imechemsha, boneti inatoa mvuke na magari yanakupita tu, chakula kilinishinda siku hiyo, maana uko peke yako na mimi niko Moro siwezi kufanya kitu. Jana ukanitumia zile picha, nimekaa nazo hadi usiku nazivuta zikuwe kubwa nione vizuri, ndo nakuandikia sasa.

Kwanza naomba unisamehe. Kaka yako tangu yuko darasa la tano kila nikifungua boneti yuko pembeni yangu ameshika tochi, we nilikuwa nakutuma maji halafu unarudi ndani. Alafu nikakupa Carina Ti uende nayo Iringa bila kukufundisha hata kitu kimoja. Hilo ni kosa langu.

Hili kovu la mkono wa kulia hujawahi kuniuliza. Nilikuwa kijana, utingo kwenye lori la watu, tumechemsha katikati ya mlima wa Kitonga, nikafungua mfuniko wa rejeta (ile inayopoza maji ya injini) bado ya moto. Maji yaliruka kama yamepigwa na bomba, ngozi ikatoka na kitambaa. Na kabla hata maumivu hayajatulia dereva akaniambia mwaga maji ya mtoni kwenye injini, nikamwaga, hedi, kile kichwa cha injini, ikapasuka palepale tukalala mlimani siku mbili. Kwahiyo mama mshale wa joto ukipanda kuelekea H, zima AC, washa hita mpaka mwisho hata kama unatoka jasho (hita inanyonya joto la injini), tafuta pa kusimama, zima. Usiguse mfuniko mpaka ushike hosi ya juu, ule mpira wa maji unaoingia rejeta, kwa mkono usikie imepoa kabisa, hata kama ni saa nzima. Maji baridi kwenye injini ya moto usimwage, hata akikwambia nani.

Sasa huyo fundi. Anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imekufa, alete winchi, afungue, na thamostati ameshaitoa akatupa eti Afrika hazina kazi. Hapo nimekasirika kweli. Thamostati ndo inayoifikisha injini kwenye joto lake, inafunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale. Irudishwe.

Na gasketi ikiungua inaacha dalili. Oili inakuwa kama chai ya maziwa, moshi mweupe mwingi unatoka hata injini ikishapata moto, na ukiwasha asubuhi hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe ndani ya dakika moja hivi, na rejeta ikiwa wazi maji yanatoa mapovu bila kukoma. Nimeangalia picha ya dipstiki yako, kile kijiti cha kupimia oili, oili ni safi. Moshi umesema hakuna. Sasa hedi inafunguliwa ya nini?

Picha iliyonisemesha ni ile ya chupa ya akiba ya maji ya rejeta. Imejaa mpaka juu, wakati rejeta ulivoifungua asubuhi ikiwa baridi maji yako chini. Fikiria hapo. Maji yakipata moto yanapanuka, mfuniko unayaachia kidogo yaende kwenye chupa, injini ikipoa mfuniko uleule unayaruhusu yanyonywe yarudi. Yako yanaenda lakini hayarudi. Huo ni mfuniko mama, raba yake imekufa.

Ila kwanini gari ilivokuwa Dar haikuwahi kuchemsha na Iringa imechemsha? Dar iko usawa wa bahari, maji yanachemka nyuzi 100. Iringa uko juu kama mita 1,600, huko maji yasiyobanwa yanachemka kwenye 95 hivi, ambayo ni karibu sana na joto la kawaida la injini yako. Mfuniko mzima unayabana yasichemke mapema, unaongeza kama nyuzi 20. Mfuniko mbovu haubani kitu, ukiongezea mlima wa Ipogolo na AC, lazima ichemshe.

Jumamosi asubuhi, gari ikiwa baridi, paki pua ikiangalia juu ya mteremko. Jaza rejeta kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, sio asidi, soma chupa vizuri. Maji ya bomba hapana, bloku ya hiyo injini ni chuma, inashika kutu na kutu inaziba rejeta. Washa, hita juu, mfuniko wazi, minya minya hosi ya juu hewa itoke, ongeza yakishuka, alafu ndo funga mfuniko mpya. Subiri uone kama feni inaitika joto likipanda. Isipowaka angalia fyuzi na relei kabla hujamlipa mtu. Angalia pia chini ya wota pampu, ile inayosukuma maji kwenye injini, kama kuna alama ya kulanti iliyokauka, ikiwepo ujue pampu inavuja, ibadilishwe.

Mapovu yakigoma kuisha nipigie hapohapo, ntapanda basi nije mwenyewe.

Mfuniko nimenunua leo, umeandikwa 0.9 kama wa zamani (ndo kipimo cha nguvu ya kubana maji), na thamostati na gasketi yake ndogo. Nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri pale stendi ya Msamvu, kaboksi kadogo kamefungwa na selotepu nyeusi, jina lako liko juu. Mama yako ameongeza mchele kilo tano. Uende stendi ya Igumbilo mapema, na uende na bajaji, gari iache nyumbani.

Baba yako