Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayesema nilimuuza kwa watu wa bima

Mdogo wangu,

Umetoka tena kwenye grupu la familia na safari hii hukumuaga hata mama, simu zangu hupokei, meseji zinaingia tiki mbili halafu kimya, basi nimeamua nikuandikie huku maana najua huku unasoma kila kitu mpaka ugomvi wa watu usiowajua. Jina lako sitalitaja. Wanaotujua washajua, wengine wanivumilie.

Shangazi kaniambia unasema nilikuuza. Kwamba ungekuwa na bima mpaka leo kama sio mdomo wangu. Haya, tuuongelee huo mdomo.

Siku ile kwa daktari ulikuwa unatoka damu wiki kadhaa mfululizo, baada ya miezi na miezi bila tone, umepauka mpaka midomo, na ni wewe uliyeniambia twende wote ingia na mimi usiniache. Daktari kakuuliza hedhi yako huwa inakwendaje, ukamjibu kwa sauti kavu kabisa, "kila mwezi tu dokta, ni mara hii ndo imevurugika." Nikakuangalia. Ukaangalia ukuta. Sasa mimi ninayejua kwamba tangu sekondari unakaa miezi mitano sita hujaiona, ninayejua ulishapelekwa hospitali na mama ukapewa vidonge vya kuileta, nikae kimya ili iweje? Nikasema. Nikamwona daktari anaacha kuandika, anageuza kiti, anaanza kuuliza upya toka mwanzo, na maswali yakawa mengine kabisa.

We unaona hapo ndo nilipokuuza. Mimi naona hapo ndo ulipoanza kutibiwa.

Maana ukishajibu "kila mwezi" daktari anatafuta kitu kingine, labda mimba imeharibika, labda uvimbe, labda vidonge tu vya kukata damu urudi nyumbani. Ila mwanamke mwenye PCOS, ule ugonjwa wa homoni unaovuruga mayai na hedhi, akikaa nusu mwaka bila hedhi anaangaliwa kwa jicho lingine, kwa sababu yai lisipopevuka ile homoni ya projesteroni haitoki, mwenzake estrojeni anabaki peke yake inajenga ukuta wa ndani wa kizazi, inajenga tu, hakuna cha kuuangusha, na ukuta uliojengeka hivyo miaka ndo unaoweza kuja kubadilika ukawa kansa. Wengi hawafiki huko na we hukufika, tumshukuru Mungu. Lakini ultrasaundi ilionyesha ukuta umekuwa mnene, wakachukua kinyama wakapeleka maabara, zile siku za kusubiri majibu ulilala kitandani kwangu ukiwa umenishika mkono kama mtoto. Hilo kwenye hadithi unayowapa watu silisikii.

Sasa bima. Najua unadhani mtu fulani alipiga simu akasema. Hakuna aliyepiga simu. Kampuni ikipata dai kubwa kwenye mkataba mpya inaomba faili, na faili ndo hilo daktari aliloandika, "mgonjwa hukosa hedhi miezi kadhaa tangu ujana." Wakachukua na fomu uliyojaza wewe wakaziweka pamoja, wakaona hazilingani, wakafuta mkataba. Swali kwenye fomu halikuwa una PCOS, ningekuelewa kama lingekuwa hivyo kwa sababu kipindi hicho hakuna daktari aliyekuwa amekuandikia hilo jina. Swali lilikuwa umewahi kumwona daktari kwa tatizo la hedhi au uzazi, au una dalili zozote. Ukaweka hapana. Wakala alikuwa amekaa pembeni yako anasema weka hapana usijichongee, kamisheni yake akapata, leo yuko wapi? Yeye hujasema kakuuza.

Na mimi nilikuambia. Ulinicheka, ukasema mjinga tu ndo anajaza ndiyo. Haya, mjinga mwenyewe ni mimi hapa, nilijaza ndiyo, na nikwambie ukweli wala sijapata raha yoyote usije ukadhani nakuandikia kwa kujigamba. Mkataba wangu ulikuja na kifungu kinasema hawatalipia PCOS "na yote yanayohusiana nayo." Nilisaini nikiona ni maneno tu. Kumbe hayo maneno ya mwisho ndo yanakula kila kitu, kwa sababu huu ugonjwa hauishii kwenye ovari, insulini haifanyi kazi sawasawa, sukari inaweza kupanda, presha, kukoroma na kukata pumzi usingizini, sonona, vyote hivyo vitabu vinavitaja kwenye huo ugonjwa. Kwa hiyo nikienda kupima sukari wananiambia inahusiana. Nikienda kwa mtu wa ushauri nasaha kwa sababu nimechoka na maisha, inahusiana. Siku moja nilienda na goti nikaulizwa uzito, nikasema mungu wangu hata goti. Metformini, vile vidonge vya kusaidia insulini, nalipa mfukoni kila mwezi. Nywele za kidevu zinazoletwa na huu ugonjwa usiseme, hiyo kwao ni urembo hata ukiwaonyesha majibu ya homoni.

Kwa hiyo ndo hivyo, mkweli kawekewa uzio na muongo kafutiwa mkataba, na kampuni imekaa salama pande zote mbili. Hasira yako naielewa. Ninachouliza ni kwa nini imekuja kwangu.

Halafu kuna lile la dirishani. Nilisema sitaliandika lakini wacha niandike.

Tumesimama kwenye foleni ya dirisha la bima, watu nyuma yetu wamejaa, yule dada wa ndani akasema kwa upole tu kwamba kampuni inaomba maelezo kuhusu historia ya PCOS. Ukasema, tena kwa sauti, "mimi sina hiyo kitu, mwenye nayo ni huyu dada yangu, si unaona hata kidevu chake." Ukanionyesha kwa kidole. Watu wakageuka. Mlinzi aliyekuwa mlangoni akaniangalia kidevu, nilimwona anaangalia, halafu akainamisha macho kwenye simu yake. Asubuhi ile nilikuwa nimenyoa haraka haraka kwa ajili ya kukuwahi wewe, nikajikata, kulikuwa na kijidonda kidogo upande wa kushoto na pamba ya kuzuia damu nilikuwa nimeisahau hapo hapo.

We unajua mimi na kidevu changu tumetoka wapi. Ni wewe uliyekuwa unanishikia kioo na kibano usiku ukiwa mdogo, unanitoa zile ngumu za chini nisizoziona, na siku ulipopata yako ya kwanza ulikuja kwangu kabla ya mama, ukilia, nikakwambia ni za ukoo huu tumegawana. Ni kweli kabisa, huu ugonjwa hutembea kwenye familia, mpaka leo sijui bibi alikuwa anafunga kitambaa mpaka kidevuni kwa ajili gani lakini nina wasiwasi wangu. Sasa kati ya watu wote duniani ukachagua kunianika mimi pale. Bima unaweza kupata nyingine. Lile neno sijui linarudishwaje.

Mama anasema ningesubiri utoke ndo nimwambie daktari pembeni. Pembeni wapi? Angeandika vile vile. Kaka anasema ilikuwa siri yako sio yangu, na yeye hajawahi hata kukaa kwenye ile benchi, hajui damu inanuka vipi chumba kizima. Ningekaa kimya ukarudishwa na vidonge vya kukata damu tungekuwa tunaongea nini leo? Nimelirudia hili swali kichwani kila upande na kila mara najibu hivyo hivyo, ningesema tena.

Na ukitaka kujua, hatuko peke yetu kwenye kutojijua. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huu unawapata kati ya asilimia 10 na 13 ya wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, na mpaka asilimia 70 yao hawajagunduliwa. Sasa kama wengi hivyo wanaishi na dalili tu bila jina, hizo fomu zinazouliza dalili zinawanasa wangapi? Yani mtu hajui anaumwa lakini anatakiwa awe ametangaza. Hapo nipo upande wako kabisa na ningekuandikia barua ya rufaa kwa mkono wangu kama si kwamba ulikwenda hospitali ukapewa dawa na faili lipo.

Sasa nisikilize kidogo hata kama umekasirika. Nimesikia unaanza kazi mpya. Bima ya kazini ya kikundi mara nyingi haimuulizi kila mtu habari za mwilini mwake, inachukua wafanyakazi wote kwa pamoja, ila usiamini neno la mtu, waombe watu wa utumishi ule mkataba wenyewe usome wanasemaje kuhusu ugonjwa uliokuwepo kabla na muda wa kusubiri kabla hawajaanza kuulipia ni miezi mingapi. Ukija kuhama kampuni, muda wa kusubiri unaweza kuanza upya, usihame kwa sababu ya kadi nzuri. Kuna bima nyingine zinaonekana tamu kwa sababu hazikuulizi kitu mwanzoni, zinakuja kuchimbua miaka ya nyuma siku unayodai, hizo ndo zitakuumiza zaidi. Na fomu yoyote utakayojaza mwenyewe kuanzia sasa inaweza kukuuliza kama umewahi kufutiwa au kukataliwa bima. Umewahi. Usimsikilize wakala.

Wakitaka kukuwekea uzio kama wangu, uliza kwa maandishi "yote yanayohusiana" ni yapi, wayataje moja moja, na uliza kama wanaweza kuupitia upya baada ya muda. Mimi sikuuliza kwa sababu hakuna aliyenitangulia kuniambia.

Kwa daktari pia, angalia anaandika nini kwenye dai. Bima nyingi hazilipii ugumba, sasa daktari akianza na N97, namba ya ugonjwa kwenye fomu za dai ambayo ni ugumba, inakataliwa hapo hapo, wakati wewe ulikwenda kwa kutokwa damu na PCOS yenyewe ina namba yake, E28.2. Sikufundishi kudanganya, tushaona kudanganya kulikokufikisha, nasema aandike kile alichokutibia. Letrozo wakikupa siku ukitaka mtoto, hiyo jiandae kulipa mwenyewe, wengi wanaihesabu dawa ya uzazi na basi.

Nisichotaka kusikia ni kwamba kwa kuwa huna bima umeacha dawa. Daktari alisema lazima damu itoke angalau kila baada ya miezi mitatu, ije yenyewe au iletwe kwa vidonge, na vile vidonge ndo kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye habari hii. Ukikwama sema, nitatuma, hatuhitaji kuongea, tuma tu kiasi nitajua. Sikufanyi ombaomba, na wewe ulinilipia nauli mwaka ule usioutaja na mimi siutaji.

Kipimo cha sukari hujaenda, mama kaniambia. Kile cha kunywa glukosi gramu 75 halafu damu inatolewa tena baada ya saa 2, sio kile cha kuchoma kidole ulichofanya duka la dawa ukasema uko fiti. Kile cha kidole kinaweza kuwa kizuri na hiki kikatoa majibu mengine. Ukitaka nikusindikize niambie siku. Nitakaa nje kwenye benchi, kwa daktari utaingia mwenyewe, ukijibu kila mwezi ukijibu kila mwaka mimi sitasikia.

Dada yako