Barua kwa mdogo wangu aliyefuta Instagram

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yenyewe sijaisikia tangu Februari.

Jumapili nilikupigia mara tatu, simu ikaita mpaka ikakata yenyewe. Nikampigia mama mdogo. Akaniambia upo, mzima, unakula, ila umefuta Instagram na TikTok kwenye simu, WhatsApp huifungui, na tangu Ijumaa unalala mchana kama mtu aliyetoka zamu ya usiku. Akaniuliza, "Kwani hiyo mitandao inachosha hivyo?" Nikamwambia inachosha kuliko kulima. Hakuniamini, na simlaumu. Yeye amelima.

Nakuandikia hapa hadharani kwa kuwa simu hupokei, na najua wapo wengi wanaouza vikapu kama wewe, mchele kama mimi, mitumba na keki, wanaopita hapo ulipopita. Jina lako silitaji, tulia.

Kwanza nikupe habari mbaya tuimalize. Rasimu za TikTok hukaa kwenye simu, hazikai kwenye akaunti. Ukiondoa programu, zinaondoka nayo. Kama zile video za bibi akiandaa milulu, zile nyasi za kusukia vikapu, hukuzihifadhi kwenye galari, zimekwenda na maji. Akaunti zenyewe zipo salama, kuondoa programu hakufuti akaunti, kwa hiyo siku ukitaka kurudi mlango uko wazi.

Nimekuwa nikikufuatilia kimya kimya. Januari ulianza kuposti mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni kama mgonjwa anayekunywa dawa, kwa sababu yule mwalimu wa mtandaoni uliyemlipa alikuambia ukikosa siku moja mfumo unaochagua posti za kuonyesha watu unakusahau. Sasa tupige hesabu pamoja, wewe uliyenishinda hesabu tangu shule ya msingi. Mara tatu kwa siku ni posti 21 kwa wiki. Kikapu kimoja kikubwa cha mfuniko, kuanzia milulu ikatwe, ianikwe, isukwe mpaka mkono wa mwisho, ni kazi ya siku kadhaa kwa mama ambaye pia ana shamba, jiko na wajukuu. Kikundi chako chote cha akina mama wasukaji hakiwezi kukupa vikapu 21 vipya kwa wiki hata wakiacha kupika. Ndiyo maana Februari nikaanza kuona kikapu kilekile: mara uko nacho kichwani, mara kiko juu ya jiwe la Gangilonga na mji wa Iringa kwa chini, mara kimejaa parachichi, mara kimepinduliwa na paka amekaa juu. (Ya paka ilinifurahisha, nakiri.) Machi vikapu vikaisha kabisa, ukaanza kujirekodi wewe mwenyewe, ukicheza, ukiigiza mteja mkorofi, ukitoa ushauri wa ndoa, wewe ambaye hata mchumba huna. Uliahidi kasi ambayo mkono wa msukaji hauna, halafu pengo ukalijaza kwa mwili wako.

Mimi nilifika huko mapema kuliko wewe. Mwaka 2021, mchele wa Kyela ulipoanza kunipa hela ya maana hapa Uyole, Mbeya, nilijiwekea sharti: kila siku saa kumi na mbili asubuhi, video moja. Nilikuwa nazihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Siku ya 64 tukapata msiba Tukuyu. Mvua ya Tukuyu unaijua, haingoji mtu. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanamenya ndizi, mimi nimejificha nyuma ya migomba, nimejipaka rangi ya mdomo, nimeinua simu: "Habari za asubuhi wateja wangu wapendwa, mchele umeingia..." Nikageuka, shangazi kasimama na ndoo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Huo mchele hauwezi kusubiri tumzike?" Akaenda zake kuchota maji.

Na ile video niliiposti. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Wiki mbili baadaye nikazima kila kitu, miezi miwili mizima. Niliporudi nilikuta wafuasi wangu wapo karibu wote. Kilichokuwa kimeharibika kilikuwa kwingine. Kuna dada wa Dar es Salaam alikuwa amenitumia hela ya kilo 50 jioni ileile niliyozima simu. Nilimsahau kabisa. Alinitafuta, alinisubiri, mwisho akawaambia wenzake kwenye kundi lao kwamba mimi ni tapeli. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilimrudishia hela yake, nikamwongezea kilo tano kwa basi bila malipo. Alisema asante vizuri tu, na hajanunua tena kwangu hata punje.

Kwa hiyo ninavyouona uthabiti wa mtandaoni, yaani kuposti bila kupotea, kwa watu wa biashara ya aina yetu unahusu macho ya mteja anayetaka kutuma hela kabla hajaushika mzigo. Mtu wa Kimara anayefikiria kukutumia 60,000 kwa kikapu alichokiona kwenye kioo cha simu anashuka kwenye ukurasa wako, anatazama posti ya mwisho ni ya lini, anasoma maoni kuona kama kuna aliyelizwa. Ukurasa uliolala tangu Machi unanuka utapeli. Ukurasa wenye posti ya Jumanne na ya Ijumaa wiki hii, na wiki iliyopita, na ile ya kabla yake, unanuka duka lenye mtu ndani. Hakuna mteja anayehesabu kama ziligonga 21.

Na huo mfumo wanaokutisha nao? Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, aliandika mwaka 2021 kwamba hakuna algorithimu moja inayoamua kila kitu. Ipo mifumo kadhaa, kila sehemu ya programu na wake, nayo inaangalia mambo kama posti yenyewe, aliyeiposti, mtazamaji hupenda kutazama nini, na kama wawili hao wamewahi kuwasiliana. Hilo la mwisho ndilo lako. Mteja aliyewahi kukuuliza bei ukamjibu kiungwana ni mtaji. Sikatai, anayeposti sana anapata nafasi nyingi zaidi za kuonekana, na kwa mchekeshaji hiyo ndiyo kazi yenyewe. Wewe unauza vikapu.

Nimwambie na mama mdogo kupitia hapa, maana najua utamsomea: mwanao si mvivu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iitwayo ICD-11, mwaka 2019 lilieleza uchovu wa namna hii kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu usioshughulikiwa. Halikuuita ugonjwa, ila lilizitaja dalili zake. Nguvu zinaisha. Kazi yenyewe unaanza kuichukia au kuidharau. Na unajiona hufanyi chochote cha maana. Ya kwanza mama kaniambia. Ya pili uliniambia mwenyewe, kwamba simu ikilia meseji ya mteja unatamani kuitupa Mto Ruaha. Ya tatu nimeisoma kwenye posti yako ya mwisho, ile ya maandishi meupe kwenye giza. Ila kama huo unyonge unakufuata hata kanisani, hata ukicheza na watoto wa kaka, hapo tumeshavuka mambo ya Instagram, uende hospitali ukaonane na daktari. Nauli nitatuma.

Niliporudi kwenye mchele nilijiuliza swali moja. Wiki yangu mbaya kuliko zote, mtoto ana homa, umeme umekatika, gari la mzigo limekwama Kiwira, naweza kuposti mara ngapi bila kumkosea mtu? Jibu likawa mbili. Basi ikawa mbili, hata kwenye wiki nzuri. Wiki nzuri ikinipa picha kumi, mbili zinatoka, nane zinaingia ghalani. Watu wengi hupanga ratiba siku wana furaha na bando limejaa, ndiyo maana ratiba hiyo haifiki mwezi wa tatu.

Ghala lenyewe halina uchawi. Mimi nina asubuhi moja kila baada ya wiki mbili. Hapa Mbeya Juni na Julai nasubiri ukungu uondoke kwanza, maana picha ya mchele kwenye ukungu inaonekana kama jivu. Napiga picha zote siku hiyo, naandika maelezo yote siku hiyo, napanga tarehe za kutoka. Meta Business Suite inakuruhusu kupanga posti za Instagram na Facebook zitoke zenyewe, bila malipo, na Instagram yenyewe ina kitufe hicho kwa akaunti za kibiashara. Zikishapangwa, hata nikiwa msibani sihitaji rangi ya mdomo.

Status ya WhatsApp nimeiacha huru, siipangi. Inafutika baada ya saa 24 na wanaoiona ni watu wenye namba yangu nami nina zao, kwa hiyo hapo naweka hata gunia lililochanika. Kwa kweli mauzo yangu mengi yanatoka huko, kwa watu ambao hata Instagram hawana. Na kwenye WhatsApp Business kuna ujumbe wa kutokuwepo unaojijibu wenyewe. Wangu unasema: "Nimeipata meseji yako. Najibu saa tatu asubuhi na saa kumi jioni." Wiki ya kwanza mmoja alinitukana. Wengine walizoea, kama wanavyozoea saa za benki.

Sasa kuhusu vikapu vyako, hapa ndipo ninapokuonea wivu. Mchele wangu ni mchele, nitaumwaga kwenye ungo nitaumwaga kwenye sinia, ni uleule. Wewe kikapu kimoja kina maisha. Kuna siku milulu inakatwa na akina mama wanarudi na mizigo kichwani. Kuna kuanika, na mvua inayowakimbiza wote kuianua. Kuna kitako kikianza, kidogo kama kisahani, ambacho hakuna mtu wa mjini anayejua kuwa kikapu huanzia hapo. Kuna mkono wa bibi, zile kucha. Kuna kikapu kilichopinda, ambacho mngekificha, na bibi akieleza kwa nini kimepinda. Kuna Ipogolo kwenye mabasi, kikapu kimefungwa na jina la mteja, kondakta anakipokea. Hizo ni wiki tatu za posti kwa kikapu kimoja, na hukucheza dansi hata mara moja. Waombe ruhusa lakini kabla ya kuwarekodi, na bibi umwonyeshe video kwanza. Wengine hawataki sura zao, mikono inatosha.

Tena wape wateja wako majira. Babu alikuwa na milanzi yake nyuma ya nyumba, ile mianzi inayogemwa pombe ya ulanzi, na masika aliigema asubuhi na jioni bila kukosa, kisu kiunoni. Kiangazi kikiingia alikitundika kile kisu, akaenda kutengeneza mizinga. Sijawahi kusikia mtu aliyefika kumwambia, "Mzee, umepotea sana siku hizi." Walijua. Mimi wateja nimewaambia wazi kwamba mchele mpya ukianza kuvunwa Kyela wataniona sana kwenye Status, na miezi ya mvua wataniona huko kwa nadra. Ukisema mapema "natoka, narudi tarehe 10", na ukarudi tarehe 10, hiyo nayo ni posti.

Usirudi wiki hii. Lala. Mtume mdogo wako aingie kwenye akaunti yako aweke sentensi moja tu: kikundi kipo, oda zilizolipwa zinaendelea, majibu kuanzia tarehe fulani. Mama mdogo kasema kuna oda nne zilizolipwa. Hizo nne uzimalize kwanza kabla ya jambo lolote, nakuomba, kwa sababu ya yule dada wa kilo 50.

Alhamisi nashuka Morogoro kumwona mkwe, na basi letu litasimama Ipogolo kula. Ni dakika chache tu. Nitashuka na kilo kumi za mchele wako. Simu acha nyumbani, mimi nitakuona, wewe simama karibu na wauza nyanya. Na kama ulanzi bado upo, niletee chupa moja, ila mfuniko usiukaze. Mara ya mwisho ulanzi ulifumukia kwenye mlima wa Kitonga, abiria wa mbele akashuka ananuka kilabu.

Dada yako,
Uyole